Kulipeleka Gari la Fidelis Mbeya

Walimu wenzangu, tangu nirudi hamnipi nafasi ya kupumua. Mmoja ananisimamisha uwanjani kuuliza gari limeishia wapi, mwingine ananifuata nyumbani kuuliza kama ni kweli mama mkwe wangu alilazwa Chala, na kuna aliyesikia kwamba tulifukuzwa na kiboko. Nimechoka kueleza vipande vipande, kwa hiyo nimeandika yote mara moja, msome kwa zamu pale ofisini. Habari za vibali na karatasi nitaziruka, mlikuwa mnaniona nikihangaika nazo.

Kutoka Mpanda

Gari mnalijua, ila nalieleza kwa ajili ya atakayesoma bila kuliona. Ni gari dogo la spoti, la Kiingereza, viti viwili tu, halina paa. Mzungu mmoja wa mgodini aliliacha bandani mgodi ulipofungwa, na kuku wakaligeuza kiota. Marehemu mume wangu Fidelis, aliyekuwa fundi wa magari, alilichukua likiwa chuma chenye kutu na mbao zilizoliwa na mchwa. Alilifanyia kazi kwa miaka, kila jioni baada ya kutoka karakana. Mbao za ndani alizichonga upya kwa mninga. Alilipaka rangi ya maziwa. Lilipowaka mara ya kwanza, mtaa mzima ulikuja kuangalia.

Mwaka huu aliamua liuzwe. Nyumba tunayojenga ilikuwa imesimama kuta tu, za tofali mbichi, na alijua mvua zikizikuta bila bati zitayeyuka zote. Bwana Karim, muuza vipuri wa Mbeya aliyewahi kuja huku kufuata mbao, alishamwambia kwamba siku akitaka kuliuza asilipeleke kwa mtu mwingine. Fidelis akaandika "LINAUZWA" kwenye kipande cha boksi akakiweka kwenye kioo, ili asije akabadili mawazo, alisema. Kisha homa ikampata, ya siku chache tu, na yaliyofuata mliyaona wenyewe, maana ninyi ndio mlionizikia mume.

Baada ya arobaini, shemeji yangu Deo alisema gari ni mali ya ukoo. Alisema kwa upole, lakini alisema mbele ya watu. Mimi nilijua gari likienda, kuta nazo zitaenda, na mimi na wanangu wawili tutabaki na kile chumba cha shule ambacho si changu. Nikamwambia ni neno la marehemu kwamba liuzwe na bati linunuliwe. Wazee wakavutana, mwisho wakakubali liende Mbeya, ila lisiende na mimi peke yangu.

"Nitakwenda naye," akasema mama mkwe.

Mnamfahamu, Bibi Anna, mama yake Fidelis, aliyekuja msibani kutoka Usevya na kubaki. Ni mtu wa maneno machache, na kwangu mimi yalikuwa machache zaidi. Kila mtu alielewa anakwenda kufanya nini. Asubuhi ile alifika na kifurushi chake, akaliangalia gari kama mtu anayeangalia ng'ombe mgonjwa, akauliza, "Mlango uko wapi?"

"Huo hapo, Mama."

"Huo ni mlango wa banda la bata."

Akaingia, akakaa, magoti yakamjia kifuani. Mkanisukuma, gari likawaka, tukaondoka. Nashukuru kwa ule mkate na mayai mliyoweka nyuma ya kiti. Tuliyala yote kabla ya Sitalike.

Sitalike na porini

Habari ya kiboko ndiyo hii. Tulipokaribia daraja la Katuma tulikuta kiboko amesimama barabarani, si amelala, amesimama, anaangalia upande wetu. Mto ulikuwa umekauka, umebaki matope, na wenzake walikuwa wamebanana humo kama magunia. Nikazima injini. Kwenye lori unakaa juu, lakini kwenye lile gari macho yangu na macho ya kiboko yalikuwa yamelingana.

"Nirudi nyuma, Mama?"

"Ukirudi nyuma utapiga kelele. Kaa."

Tukakaa. Mama mkwe alitoa kichupa chake cha ugoro, akavuta, akapiga chafya mbili kubwa. Kiboko akageuka akashuka mtoni. Sisemi ni chafya, huenda alikuwa amechoka kutuangalia. Hakuna aliyemfukuza mtu.

Mbele ya Sitalike, ndani ya hifadhi, ndipo tulipoteseka. Mbung'o. Ninyi mnaopita pale kwa basi mnafunga madirisha. Sisi hatukuwa na dirisha la kufunga. Walituingilia kutoka kila upande, wakanichoma shingoni, masikioni, mgongoni kupitia gauni, na mimi mikono yote miwili iko kwenye usukani kwa sababu barabara ilikuwa mchanga mtupu na gari linataka kwenda linakotaka. Nikaanza kulia, si kwa huzuni, ni maumivu.

"Simama," akasema mama mkwe.

Nikasimama. Akashuka, akavunja tawi lenye majani, akarudi. Akafungua kitenge chake kimoja akanifunika kichwa na mabega, akakifunga kwa nyuma ili nione njia. Kisha njia nzima ya pori, kilomita baada ya kilomita, alinipiga mgongoni na lile tawi. Yeye mwenyewe hakuwa na wa kumpigia. Nilipomwambia ajipige na yeye, alisema, "Wewe ndiye unayeendesha."

Tulipotoka upande wa pili kulikuwa na kibanda cha kukagua mbung'o, na bwana mmoja mwenye kimia na bomba la dawa. Kazi yake ni kufunga gari, kukamata wadudu waliojificha ndani na kupuliza. Alilizunguka gari letu mara mbili.

"Sasa mama, nifunge wapi hapa?"

"Hakuna pa kufunga," nikamjibu.

"Lakini sheria inasema gari lifungwe."

Akafikiri sana. Mwisho akatupulizia sisi. Mama mkwe, aliyedhani anamwagiwa maji ya baraka kama ya padri, alifanya ishara ya msalaba, halafu harufu ikampata. Maneno aliyomwambia yule bwana yalikuwa ya Kipimbwe na sitayaandika. Yule bwana naye, kumbe mama yake ni Mpimbwe. Aliyaelewa yote, akacheka mpaka akakaa chini, akatuletea mtungi wa maji tunawe na viazi vitamu vya moto vya chakula chake mwenyewe.

Mlimani, na mwuza samaki

Kwenye kupanda, mpira wa rejeta ulipasuka. Mvuke ulitoka kama sufuria ya wali. Mnajua mimi ni mwalimu wa darasa la tatu. Kuendesha nilijifunza kwa sababu Fidelis alihitaji mtu wa kushika usukani wakati yeye anasukuma. Jina la kilichopasuka nilikuwa nalijua, la kufanya sikuwa nalo. Tukakaa kivulini. Lori likapita limejaa, likapungia. Jua likahama, na sisi tukahama nalo.

Alikuja mtu na baiskeli, anaisukuma kupanda mlima, nyuma amefunga matenga ya samaki wakavu kutoka Rukwa. Akatusalimia vizuri, akaangalia, hakuuliza maswali mengi. Mizigo yake ilikuwa imefungwa kwa mpira wa ndani wa tairi, mrefu. Akaufungua, akatoa kisu, akakata kipande kikubwa, akakizungushia pale palipopasuka, akikaza na kukaza kwa nguvu zake zote. Tukamwaga maji ya dumu letu kwenye rejeta. Gari likawaka na halikuvuja.

Ndipo nilipoona matenga yake yako chini na mpira uliobaki hautoshi kuyafunga.

"Ndugu, sasa wewe utabebaje?"

Akakuna kichwa. "Hilo sikuliwaza," akasema, akacheka.

Nilitaka kumlipa akakataa. Mwisho mama mkwe ndiye aliyeamua. Samaki wasafiri na sisi hadi Chala, tuwaache kwa mteja wake karibu na misheni, na yeye aje polepole na baiskeli tupu. Fikirini. Mtu hatujui, hajui jina letu, akatukabidhi biashara yake yote na kusimama barabarani akitupungia. Tenga moja lilikaa kwenye miguu ya mama mkwe, jingine juu ya mapaja yake. Harufu ile haikutoka kwenye gari lile tena, na sidhani kama imetoka mpaka leo.

Chala

Tulifika Chala, tukaacha samaki, tukaenda misheni kuomba mahali pa kulala. Mama mkwe alikuwa amekaa na tenga mapajani tangu mlimani, miguu ikafa ganzi, akashindwa kushuka. Mimi nikamshika kwapa, mlinzi akashika kwapa la pili, na sista mmoja aliyekuwa akipita akaona mwanamke mzee, kavimba uso mzima kwa mbung'o, anabebwa kutoka kwenye gari la ajabu. Kabla sijafungua mdomo, alikwisha kuita machela.

"Sista, huyu haumwi."

"Mwanangu, usiogope gharama," akaniambia.

Ndivyo Bibi Anna alivyolazwa. Wakampima joto, wakampaka dawa usoni, wakampa kitanda chenye shuka jeupe. Wakamletea uji wa ulezi wenye maziwa, halafu mchuzi wa kuku. Nilipoingia kumwona, nikitegemea atakuwa amekasirika, nilimkuta ameegemea mito miwili.

"Mama, niwaambie wewe ni mzima?"

"Utawaambia kesho," akasema. "Leo mwache Sista afanye kazi yake."

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Tulisali, na baada ya misa nikataka kuondoka, lakini Sista akanikumbusha amri ya kubana mafuta, kwamba Jumapili mchana magari ya watu binafsi hayaruhusiwi barabarani. Tusingefika kokote kabla ya muda. Kwa hiyo tulibaki. Nilimweleza ukweli wa mgonjwa wake, akacheka, akasema alishajua tangu bakuli la pili la uji. Mchana ule alituweka jikoni pamoja naye, tukachambua maharage kwa ajili ya wagonjwa, na mama mkwe akamfundisha kukaanga karanga kwenye mchanga zisiungue.

Foleni ya petroli, Sumbawanga

Sumbawanga ni baridi, walimu. Upepo wa kule juu unakuingia kwenye mifupa. Mama mkwe hakuwahi kuona baridi ya namna ile maisha yake yote, na mwanamke mmoja aliyetupangisha chumba alituazima blanketi, asubuhi akakataa kulipokea. Akasema tutalirudisha wakati wa kurudi.

Petroli haikuwepo. Wakasema inakuja, tukapanga foleni tangu asubuhi, gari letu kati ya malori kama kifaranga. Watu walikuja kuliangalia. Mmoja aliuliza kama ni la mtoto wa mkubwa fulani. Mwingine alisoma lile boksi la "LINAUZWA" akauliza kama kiti cha mama kinauzwa pamoja na mama.

Jua lilipopanda, tumekaa humo ndani tumejifunika blanketi moja, mama mkwe alisema bila kuniangalia, "Deo alinituma nikuchunge."

"Nilijua, Mama."

"Ulijua na ukanipakia?"

"Ningekukatalia vipi?"

Alikuwa anapapasa ngozi ya kiti kwa kidole, akifuata mshono.

"Nani alishona hii?"

"Mimi. Ngozi tulipewa na mwuza nyama, tukailainisha wenyewe. Sindano zilikuwa zinavunjika."

"Na mbao?"

"Alichonga Fidelis. Msasa nilipiga mimi. Binti yangu Anna, wajina wako, alikuwa mgongoni wakati ule."

"Hakuniambia," akasema. "Alipokuja nyumbani alisema, gari langu, gari langu."

"Ndivyo wanavyosema, Mama."

Hapo alicheka kidogo, halafu akaanza kulia. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, hata msibani alikaa kimya muda wote. Alinieleza jinsi Fidelis alivyofungua saa ya padri akiwa mdogo na kuirudisha ikitembea, na jinsi baba yake alivyomchapa kabla ya kujua kwamba saa inatembea. Mimi nikamweleza namna alivyokuwa akiimba chini ya gari, miguu tu inaonekana. Tulikaa pale tukipokezana. Lori la mafuta lilipofika, dereva wa nyuma yetu ilibidi atupigie honi.

Lami

Kutoka Sumbawanga hadi Tunduma ni vumbi, mawe na vumbi. Tulikula mahindi ya kuchoma Laela, tukapata pancha, tukasaidiwa na vijana wa shule. Sitaki kurefusha.

Lakini Tunduma, mnaingia barabara kuu ya kwenda Mbeya, na ni lami. Mimi nilikuwa sijawahi kuendesha kwenye lami. Gari lile pia, tangu Fidelis alifufue, halikuwahi kuiona. Nilipolipandisha pale, kelele zote zikakata. Milango ikaacha kugongana, usukani ukatulia mikononi, na injini ikatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, ya chini, ya kuridhika. Miaka yote ile nilidhani nalijua. Kumbe lilitengenezwa kwa ajili ya kitu kama hiki, na aliyelifufua hakukiona.

Nikawa nakwenda taratibu.

"Linaweza kukimbia zaidi?" mama mkwe akauliza.

"Linaweza."

"Basi likimbize. Mwanangu hakulitengeneza litembee kama bibi harusi."

Nikakanyaga. Kitenge chake kilimtoka kichwani kikapeperuka nyuma, akakishika kwa pembe moja, nywele zake nyeupe wazi mbele za watu. Tulilipita lori, tulipita basi, abiria wakatoa vichwa. Aliita jina la mwanawe mara moja, kwa sauti kubwa, kama unavyomwita mtu aliye ng'ambo ya shamba. Kisha akashika mkono wangu juu ya gia, akaushikilia hivyo kwa muda, mpaka nilipohitaji kubadili gia.

Mbeya

Bwana Karim alikuwa mtu mwema. Alikwisha kusikia habari za msiba kwa madereva, akatupokea kwa pole kabla ya kutaja gari. Mkewe alitupikia wali na kuku, akatupa maji ya moto tuoge. Baadaye Karim akalizunguka gari, akafungua boneti, akakaa ndani. Akanusa.

"Mwalimu, hii ni nini?"

"Ni samaki wa Rukwa," nikamwambia, nikamweleza habari ya mpira wa rejeta. Nilidhani atashusha bei. Badala yake alikwenda kuuangalia ule mpira wa baiskeli, akaushika, akasema atauweka dukani watu wauone.

Bei waliyokubaliana na Fidelis hakuigusa. Lakini alipoleta fedha, kwa heshima ya mzee, alizikabidhi kwa mama mkwe kwa mikono miwili. Mama mkwe akazipokea, akazifunga kwenye pindo la kitenge, akalifunga pindo kiunoni, akashukuru. Mimi nikabaki nimesimama. Ningesema nini mbele ya watu waliotulisha? Nililipapasa gari kwenye taa ya mbele, basi, nikatoka.

Kurudi

Tulirudi kwa lori la mahindi, yeye mbele na dereva, mimi juu ya magunia. Blanketi tulilirudisha Sumbawanga. Chala tulisimama kidogo, Sista akatupa mkate. Sikuuliza habari za fedha. Kila nilipojiambia leo nitauliza, niliona aibu, kwa sababu huyu ndiye aliyenipiga tawi pori zima. Lakini pia nilikuwa naogopa, siwafichi. Yale ya Sumbawanga niliyaamini, na hofu haikwisha.

Tulipofika nyumbani wazee walikuwa wamekwisha kukaa, Deo akiwa katikati. Akamsalimia mama yake, akamwuliza safari. "Nzuri," akasema. Akauliza kama gari limeuzwa. "Limeuzwa." Basi Deo akasema kwa upole wake ule ule kwamba kilichopatikana kiwekwe mezani ili ukoo ugawe.

Mama mkwe hakukaa. Alifungua pindo, na furushi lilikuwa vilevile, halijaguswa. Akapita mbele ya wazee wote, akanijia nilipokuwa nimesimama mlangoni na vumbi langu, akaniwekea mkononi.

"Mama," Deo akaanza.

"Gari lilitengenezwa na watu wawili," akasema. "Mmoja tumemzika. Mwingine huyu hapa. Nimepokea mimi kwa sababu barabarani nani atamkaba bibi kizee? Sasa nimefika." Akamgeukia mwanawe. "Wewe una mikono mizuri, Deo. Bati zikija, utapanda juu upige misumari. Usipige kombo, kaka yako hakupenda kazi kombo."

Deo alipanda. Nasema haya kwa shukrani, na ninyi mlimwona, alikuja kila siku mpaka bati la mwisho, mama yake akiwa chini amekaa kwenye kigoda akimwonyesha kwa fimbo mahali palipoinuka. Juzi jioni mvua ya kwanza imenyesha. Tulikuwa wote ndani, watoto, Deo, mimi na Mama, na kelele za bati zilikuwa kubwa hata hatukuweza kuongea. Tukabaki tumekaa tu, tunatazamana, chakula kinapoa.